Jina la Dada Katika Herufi za Kiebrania

Wengine husafiri kwa ajili ya harusi, wengine matanga. Mimi niliondoka Kitale kwa hasira. Ijumaa jioni dada yangu Nasimiyu alinipigia simu kutoka Naitiri, akaniambia kwamba pasta wake ameliona jina lake limefichwa ndani ya Biblia ya Kiebrania, na karibu nalo limefichwa neno giza. Kwa hiyo, akasema, Jumatatu haendi tena Bungoma kutolewa mtoto wa jicho.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

"Usiamue chochote," nikamwambia. "Kesho asubuhi niko hapo."

Mjue kwamba nafundisha Kiebrania katika chuo cha Biblia hapa Kitale, na nimekifundisha mpaka mvi zimenijaa. Mjue pia kwamba jicho la kushoto la dada yangu lilikwisha kufungwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa limebakiza ukungu tu. Madaktari wa macho huja Bungoma kwa nadra. Alikuwa amesubiri zamu yake tangu mavuno, na mwezi uliopita alikuwa ametia mkono motoni akitafuta kifuniko cha sufuria. Akikosa zamu hii, hakuna aliyejua atapata nyingine lini. Na yote hayo yaachwe kwa sababu ya herufi! Nilikosa usingizi kwa kukereka.

Jumamosi asubuhi, kutoka Kitale hadi Kiminini, nilikuwa nabishana na Pasta Barasa ndani ya gari langu, ingawa yeye hakuwamo. Ubishi wenyewe uko hivi. Kuna watu wanaoamini kwamba Mungu alificha ujumbe katika Agano la Kale la Kiebrania. Unaondoa nafasi zote kati ya maneno, herufi zinabaki mstari mmoja mrefu, kisha unaruka: unachukua herufi moja, unaacha kadhaa, unachukua nyingine, unaacha idadi ileile tena. Kompyuta ndiyo inayoruka siku hizi. Ukikosa jina kwa kuruka tano, unaruka hamsini. Ukikosa kwenda mbele, unarudi nyuma. Na kwa kuwa Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu, jina zima la Nasimiyu linatoshea katika herufi nne. Herufi nne! Katika kitabu kikubwa namna hiyo ningekuonyesha jina la mbuzi wako.

Kamukuywa nilisimama kununua ndizi. Mama muuzaji alinitazama kwa huruma.

"Mzee, uko sawa? Nimekuona ukija ukiongea peke yako."

"Naongea na pasta."

"Ako wapi huyo pasta?"

"Naitiri."

Akaniongezea ndizi moja ya bure, nadhani kwa ajili ya maradhi yangu. Nikakata kona kushoto, nikaiacha lami, na vumbi la mashamba ya mahindi likaingia garini hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Naitiri nilifika nikidhani nitaketi na dada yangu na pasta wake, watu watatu tu, tumalize jambo. Lo! Pasta Barasa alikuwa amesikia kwamba mwalimu wa Kiebrania anakuja, akalialika kanisa zima. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, projekta imewekwa juu ya meza ya sadaka, na viti vya plastiki vilikuwa vimeazimwa shuleni. Pasta mwenyewe ni mtu mpole wa makamo, mkulima wa kawaida siku za wiki, mwenye tabasamu ambalo halikatiki hata ukimtukana. Nawaambia kwa sababu nilijaribu.

"Karibu sana, mwalimu," alisema akinishika mkono kwa mikono miwili. "Mungu amekuleta. Sisi huku tunabahatisha tu, wewe ndio unajua lugha yenyewe."

"Kama mnabahatisha, mbona mmemzuia dada yangu asiende hospitali?"

"Si mimi, mwalimu. Ni herufi."

Nasimiyu alikuwa benchi la mbele, kitambaa cheupe kichwani, mikono yake ikiwa juu ya mapaja. Nilimsalimia haraka na kuanza kazi.

Nilifundisha kama sijawahi kufundisha. Niliwaeleza kwamba nakala za kale hazilingani herufi kwa herufi, kwamba mwandishi mmoja aliandika neno kwa herufi nne na mwingine kwa tano, na herufi moja ikiongezeka mahali popote, kuruka kote kunavurugika. Niliwauliza: Mungu aliyesema waziwazi kwa manabii, kwa nini amnong'oneze Nasimiyu wa Naitiri kupitia kompyuta ya Pasta? Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Kisha Pasta akasimama, akasema "Lakini jina liko," akaligusa ukutani kwa fimbo, na watu walewale wakatikisa vichwa kwa kukubali vilevile.

Hapo nikatoa silaha niliyoitengeneza Ijumaa jioni. Nilikuwa nimechukua kijitabu cha Kiswahili cha kupanda mahindi, nikakiingiza katika programu ya kompyuta ya aina ileile. Nikawaonyesha ukutani: katikati ya maelezo ya mbolea, kwa kuruka herufi, jina Barasa. Na pembeni yake, likishuka kutoka sehemu ya palizi, neno askofu.

"Haya," nikasema, na furaha ya mtu aliyekwisha kushinda ilikuwa imenijaa. "Kijitabu cha mahindi kinasema Pasta Barasa atakuwa askofu. Mnaamini?"

Kisha mama mmoja wa nyuma akapiga vigelegele.

Sijui niwaelezeeje yaliyofuata. Watu walisimama. Waliimba. Pasta Barasa alifunika uso kwa mikono, na alipoifunua macho yalikuwa yamelowa. Mzee mmoja wa kanisa alinijia akiwa ameshika kofia kifuani.

"Mwarimu, hiyo kijitabu unaweza kutuachia? Si kama Mungu ameandika mpaka kwa mahindi, basi ametukumbuka hata sisi wa huku."

"Mzee, hapana! Huo ni mfano! Nilitaka kuwaonyesha kwamba ukitafuta utapata chochote!"

"Hata Bwana Yesu arifundisha kwa mifano," akanijibu kwa upole.

Nilibaki nimesimama na waya wa projekta mkononi. Miaka yote ya kufundisha, na siku moja tu nimefanikiwa kuwapa watu kitabu kitakatifu cha pili, cha palizi na mbolea. Sikujua nicheke au nilie, na kwa kuwa nilikuwa mgeni sikuweza kufanya lolote kati ya hayo.

Jua likiwa bado juu, tulirudi nyumbani kwa Nasimiyu, sisi wawili. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akaweka ungo mapajani na kuanza kuchagua maharagwe. Aliyachagua kwa vidole. Mawe aliyatambua kwa uzito. Mimi nilikuwa natembea uani huku na huko nikiendelea kuhutubia.

"Umesikia mwenyewe. Hakuna kitu kilichofichwa. Jumatatu tunakwenda Bungoma."

"Siendi."

"Nasimiyu! Nimekueleza mpaka sauti imenikauka! Jambo gani hukuelewa?"

"Yote," alisema. "Hayo ya herufi sijaelewa, yako ama ya Pasta. Na sitaki kuelewa. Mimi naogopa tu."

Nikasimama.

"Mama alienda kwa miguu yake," akaendelea, vidole vikiwa bado kwenye maharagwe. "Tumbo tu, ati wanapasua na kushona. Wewe ulikuwa shule, mbali. Mimi ndio nilimpeleka. Alinishika mkono mpaka mlangoni, wakanitoa mkono, wakafunga mlango. Unajua vile tulimrudisha nyumbani. Sasa Pasta aliposema giza, nilifurahi, Wafula. Nilipata sababu ya kukataa bila mtu kuniita mwoga."

"Kwa nini hukuniambia hivyo kwenye simu?"

Aliinua uso, akautazamisha mahali ambapo sauti yangu ilitoka, hatua moja pembeni yangu.

"Ungekuja? Mwezi uliopita nilikuambia nimeungua mkono, ukanitumia meseji ya maombi. Nilipokuambia naumwa mgongo, ukanitumia jina la dawa. Jana nikakuambia Kiebrania. Leo asubuhi uko hapa, bana, na ndizi."

Nimewahi kushindwa katika mijadala, lakini si namna hiyo, na si na mtu anayechagua maharagwe. Nilichukua kigoda kingine nikakaa karibu naye. Nikamuuliza, "Nikikaa na wewe pale, nikushike mkono, utaenda?"

"Mpaka wapi?"

"Mpaka watakaponifukuza."

Akafikiri. "Nitaona," akasema. Kwa Nasimiyu, hiyo ni ndiyo.

Jumatatu alfajiri nilipowasha gari, Pasta Barasa alikuwa amesimama langoni, amevaa koti lake la Jumapili, chupa ya chai kwapani. Alisema amekuja kumwombea dada. Nilitaka kumwambia akaombe kwenye palizi, lakini Nasimiyu alikwisha kusogea kumpa nafasi. Tukapita Misikhu, tukapita Webuye na barabara kuu yenye malori yasiyokwisha. Nasimiyu alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili. Kila mara gari liliporuka shimo alisema "Yesu" kwa sauti ndogo.

Bungoma, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, muuguzi alinizuia kama nilivyojua atanizuia.

"Mzee, huku ndani huingii."

"Nimemwahidi mkono."

Muuguzi alimtazama Nasimiyu. Aliingiza mkono wake chini ya mkono wangu, akamshika dada kabla mimi sijaachia, na akamwambia, "Mama, huu ni mkono wangu. Nitakuwa nao mpaka daktari amalize. Utaongea na mimi, hutalala." Nasimiyu akaingia hivyo, bila nafasi hata moja ya kubaki peke yake. Mlango ukafungwa.

Kwenye benchi Pasta alinimiminia chai, kisha akatoa simu na kuanza kubofyabofya.

"Unafanya nini?"

"Naangalia tu kwenye herufi kama..."

"Pasta, angalia mlango!"

Akaiweka simu mfukoni. Tukauangalia mlango. Akazungusha kikombe mkononi, kisha akasema, "Mwalimu, nikuambie ukweli. Kila nikimtajia hospitali, alikuwa anatetemeka. Nikasema hapana, mtu hawezi kutetemeka hivi bure, labda kuna neno la Mungu. Ndio nikatafuta."

Jibu hilo lilinikera kuliko hoja zake zote, kwa sababu lilikuwa jibu la mtu aliyemtazama dada yangu. Alikosea mahali pa kutafuta, na bado aliona kutetemeka. Mimi nilikaa naye kanisani, nikaona herufi.

Jumanne asubuhi walimfungua bendeji. Alipepesa jicho, likatoa machozi, akalifuta kwa ncha ya kitambaa. Pasta hakuweza kusubiri.

"Bwana asifiwe! Mwalimu, usiku nimerudia kutafuta. Jina lake liko karibu na neno nuru pia!"

Pia! Katika neno hilo moja kulikuwa na ushahidi wangu wote. Giza liko na nuru iko, kwa sababu kila kitu kimo ukitafuta vya kutosha! Nilivuta pumzi, nikainua kidole.

"Wafula," dada akasema. "Funga mdomo kwanza nikuone."

Nikafunga. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama paji la uso, mashavu, shingo. Alichukua muda wake.

"Umezeeka hivi?" akasema polepole. "Mbona hakuna mtu aliniambia?"

Tulimrudisha Naitiri siku hiyohiyo. Njia nzima alikuwa akisoma kwa sauti mabango ya barabarani, ya simenti, ya dawa za kuku, ya mikutano ya injili, mpaka kichwa kikaniuma, na sikumwambia aache.

Nimerudi Kitale, na wanafunzi wangu wanauliza nani alishinda mjadala. Hilo swali linanichosha. Nimesikia kwamba kule kanisani kijitabu cha mahindi sasa kina jalada la ngozi. Bado nasema herufi zilizofichwa hazipo, na nitasema hivyo mbele ya kanisa lolote. Nilichojifunza kinanikera zaidi: dada yangu alilazimika kupitia lugha ya manabii ili anifikie.

Jicho la pili limepangiwa mwezi ujao, madaktari watakaporudi. Jana alipiga simu. Hakutaja Kiebrania.

"Wafula," alisema, "naogopa."

Nikamwambia nakuja.