Tundu Moja kwa Zamu

Daktari wa meno wa pale Bunda alikataa kuning'oa gego. Presha iko juu, alisema. Nikapumzike, nisiwe na mawazo, nirudi wiki ijayo. Ushauri mzuri sana kwa mtu ambaye wazo lake pekee ni gego lenyewe.

Binti wa dada yangu, anayeishi Musoma na kuamini kila anachokiona kwenye simu, akanipigia. "Mama mdogo, fanya yoga. Unapumua tu."

Nikamshukuru. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nakosea.

Zoezi ni rahisi, nawe usiliogope. Nitalieleza taratibu, maana mwalimu hustaafu, mdomo haustaafu. Kaa wima. Ziba tundu la kulia la pua kwa kidole gumba, vuta hewa kwa la kushoto. Sasa ziba la kushoto kwa kidole cha pete, toa hewa kwa la kulia. Vuta tena kwa hilo hilo la kulia, utoe kwa la kushoto. Ukipotea anza upya, hakuna mtihani. Fumba macho, usiseme neno. Na hewa, binti alisisitiza, iwe safi. Kwa hiyo nikakaa barazani kwangu Guta, karibu kabisa na mahali jirani yangu anapoanika dagaa.

Harufu niliimudu. Kilichonishinda ni salamu. Kwetu mtu hapiti mbele ya nyumba bila kukusalimia na kukuulizia watoto, ng'ombe na mvua. Asiyeitikia ama amekufa ama amenuna.

"Mwalimu, za asubuhi?"

Alikuwa jirani. Mimi nilikuwa katikati ya tundu la kushoto.

"Mwalimu! Ulikuwaga unaitikia vizuri. Nimekukosea nini?"

Nikafumbua jicho, nikainua mkono mmoja kumtuliza. Yeye akautazama ule mwingine uliobana pua. Akawatazama dagaa wake. Akaondoka bila kuaga.

Presha, bila shaka, ilifurahi sana.

Jioni akina mama wa jumuiya wakaja na jirani kutupatanisha, kwa ugomvi ambao mimi ndiye wa mwisho kuusikia. Nikawaeleza zoezi mwanzo hadi mwisho, nikawafanyisha. Sebule nzima ikabana pua.

"Kwa hiyo hii inafundishwa?" mmoja akauliza. "Sisi tulikuwaga tunapumua bure!"

Jirani alicheka, kisha akakasirika upya. "Si ungesema? Nimehamisha dagaa wote peke yangu, mgongo huu! Haya, kesho wewe pumua, salamu niachie mimi."

Akawa anakaa kando yangu kila asubuhi. "Hajambo, yuko kwenye pumzi," aliwaambia wapita njia, kisha akajibu maswali yote kuhusu ng'ombe wangu, ambao yeye anawajua kuliko mimi. Mimi nilivuta na kutoa, bila kudaiwa neno na mtu.

Tulirudi Bunda pamoja. Daktari akapima, akapima tena, akatikisa kichwa kwa mshangao: presha imeshuka. Gego likatoka. Akanijaza pamba mdomoni, akaniamuru niing'ate, nisiongee.

Mlangoni nikakutana na mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana ndevu. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba," akaitikia jirani, ambaye alizaliwa mimi tayari nafundisha. "Yuko kwenye pumzi."