Toba Yangu Katika Maji ya Magoti

Nikiikumbuka siku ile naona haya hata nikiwa peke yangu chumbani, lakini kwa kuwa wengine mmekwisha kuisikia kwa watu wasionipenda, afadhali sasa muisikie kwangu.

Ilikuwa miezi michache kabla ya Uhuru. Tulikuwa makarani wanne wa ofisi moja ya bandarini, na kila mmoja alikuwa akikipigia hesabu kiti cha mzungu wake. Mimi nilizidi. Nilinunua kofia pana na bakora kama za bwana mkubwa, ambaye kila Jumapili alitembea ufuoni kwa raha tu, bila kwenda kokote (mama yangu akisema huo ni ugonjwa), kisha nikawashawishi wenzangu twende kwa miguu kutoka Likoni hadi Waa tukifuata bahari, mimi nikiwa kiongozi. Karisa, aliyekaa meza iliyopakana na yangu, akaniuliza kama njia naijua. Nikamjibu kuwa mimi ni mtoto wa pwani. Kweli nilizaliwa Changamwe, karibu na reli.

Uzuri wa njia ile siwezi kuukana: mkono mmoja majabali yaliyosimama wima, mkono wa pili bahari ya kijani mpaka kule mawimbi yanakovunjika. Lakini matumbawe yalitukatakata viatu, jua likatuchoma, na maji ya kunywa yakatuishia kabla ya adhuhuri. Mbele kidogo tukamkuta mama mmoja mtu mzima, Bi Mwanasha, akichokoa pweza mashimoni. Nikamwamkia, akaitika, akatwambia maji yanajaa, tupande tupitie mashambani, au tumngoje atuonyeshe pa kukanyaga. Nikamshukuru kwa sauti yangu ya ofisini, nikawaambia wenzangu tusonge.

Hatukufika mbali. Wimbi likatupiga mgongoni, kofia ikaenda zake, nasi tukaparamia mwamba, nyuma yetu ukuta wa jiwe, mbele povu tupu, na maji yamevurugika kwa mchanga hata chini hakuonekani. Wenzangu walitafuta pa kushika. Mimi nikapiga shahada, nikaita watu, nikalia (kilio cha makamasi, sifichi), na nilipoona roho imefika kooni nikamshika Karisa mkono, maana niliogopa kwenda kwa Mungu na mzigo ule.

"Karisa, nisamehe. Ni mimi niliyemwambia bwana mkubwa kuwa wewe huenda mikutano ya siasa. Ndiyo maana nikapandishwa cheo mimi, si wewe."

Karisa akauchomoa mkono wake. Wale wawili waliniangalia kama mtu aliyetapika mezani. Na papo hapo, wallahi, Bi Mwanasha akatokea pembeni mwa jabali, akija polepole, leso ameipandisha kidogo, pweza wawili begani, na maji hayamfiki magotini. Akatutazama tulivyolikumbatia jiwe.

"Wanangu, mwafanyani huko juu? Njia ni hapa."

Karisa akaruka chini wa kwanza, kisha akageuka. "Shuka, mheshimiwa. Maji ni ya magoti."

Tulimfuata mama yule mpaka Waa, akatupa madafu, na mwendo wote hakuna aliyenisemesha. Jumatatu asubuhi mpaka mfagizi wa ofisi alikuwa na habari.

Uhuru ulipokuja kiti cha bwana mkubwa alipewa Karisa. Hakunifukuza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwani kila siku alinipa kazi kwa adabu na kuniambia tafadhali. Siku moja nikaingia chumbani kwake kumtaka radhi tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema toba ile ya jabalini ilisemwa na woga wangu, na hii inasemwa na cheo chake, kwa hiyo yeye bado anaingoja yangu.

Tangu hapo nimeapa mambo mawili: sitaongoza watu njia nisiyoijua, na sitamchongea mwenzangu kwa mkubwa wake. La kwanza halijanipa taabu.