Feni ya Rejeta na Jicho la Mama

Gari langu lilichemsha, mama akiwa ndani. Tulikuwa tunatoka Maramba, hatujaifikia lami ya Mabokweni, mvuke ukafumka kwenye boneti kama mtu amefunua sufuria ya ubwabwa. Mama alikaa kando ya barabara saa mbili nzima juu ya begi lake, kanga kichwani, akinisikiliza nikiipepea rejeta kwa kipande cha boksi. Hakusema neno. Wanaomjua mama wanajua kwamba hapo ndipo pabaya. Mwishowe msamaria mmoja akamrudisha nyumbani Maramba, na mimi na gari langu tukavutwa mpaka mjini.

Fundi wangu wa Chumbageni alilifungua, akapeleka hedi, kile kifuniko cha injini, ikachongwe, akalifunga. Kisha akanipa hukumu huku anafuta mikono.

"Hedi hii haichongwi tena, imebaki nyembamba. Likichemsha mara nyingine, kaka, wewe watafute wanunuzi wa chuma chakavu."

Kosa lilikuwa la feni. Kuna fundi mmoja zamani aliiunga dairekti, yaani ukigeuza ufunguo tu inazunguka, joto liwepo lisiwepo, asubuhi mpaka jioni, mpaka ikachoka ikafa. Hata mimi ningekufa. Sasa nilikuwa na feni nyingine, na fundi akasema hii tuitafutie kisanduku cha kuiamuru. Kisanduku chenyewe ni kidogo kama kiberiti kikubwa, kina kioo cha namba na sensa, kidole cha chuma kwenye ncha ya waya ambacho unakipachika kwenye rejeta kionje joto. Joto likifika nyuzi tisini na mbili, kinawasha feni. Likishuka themanini na saba, kinazima.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi asubuhi mama alikuwa na miadi ya kutolewa mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja mjini kwa siku chache tu, na aliyekosa angesubiri msafara mwingine ambao hakuna aliyeweza kutuambia ni lini. Jicho la kulia lilishazima. La kushoto alikuwa anaona watu kama nguo zilizoanikwa. Basi la Maramba lipo, lakini alishaanguka mara moja kwenye ngazi zake, na akaapa halipandi tena. Gari la kukodi nililiulizia bei, nikamshukuru mwenye gari, nikaondoka.

Kisanduku nilikikuta kwa muuza vipuri mmoja katikati ya mji.

"Hiyo bei ya wageni," nilimwambia. "Mimi nimezaliwa mtaa wa nyuma hapo."

"Ungekuwa wa mtaa wa nyuma ungekuwa unaijua bei, mzee."

Niliondoka mara tatu. Mara mbili aliniita. Mara ya tatu hakuniita, nikarudi mwenyewe nikisingizia nimesahau miwani. Tulipokubaliana nikabaki nimesimama.

"Nini tena?"

"Nyongeza."

"Nyongeza kwenye umeme?"

"Hata muuza mihogo ananiongezea kipande. Wewe una duka zima."

Akavuta droo, akachambua, akanitupia sensa nyingine isiyo na boksi. "Chukua. Zote ni moja hizo." Waya wake ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwenye boksi. Niliupima hapo hapo kwa mkono, nikapata mikono minne. Nikaupima tena, mikono minne. Ule wa boksi haukufika hata miwili. Nilitoka dukani nimenyooka kama mtu aliyeshinda kesi.

Jioni hiyo fundi alitaka kutumia sensa ya kwenye boksi. Nilimkatalia.

"Hii fupi, kisanduku kitabaki huku kwenye boneti. Hii ndefu inafika mpaka kwenye usukani. Nataka niione namba nikiwa naendesha."

"Ya boksi ndiyo yake."

"Muuzaji kasema zote ni moja."

"Muuzaji!" alisema, akatema mate pembeni, lakini akafunga niliyotaka. Mwenye gari ni mimi.

Kazi ilikuwa ya kuchosha kuliko nilivyodhani. Waya zote za yule fundi wa zamani zilikuwa nyeusi, za umeme wa nyumba, huijui ya moto wala ya erthi. Nilizihesabu sita, nikarudia, sita, na moja haikwenda popote. Tulipowasha feni kwa kuijaribu, ilizunguka vizuri, na fundi akabandika gazeti mbele ya rejeta. Gazeti lilitakiwa linyonywe, ling'ang'anie pale. Badala yake lilipeperuka likaenda kutua kwenye mtaro. Feni ilikuwa inapuliza nje. Tukageuza waya mbili, gazeti lingine likang'ang'ania, tukafunga boneti.

Jumanne niliwasha gari mbele ya nyumba, likaunguruma limesimama, mimi nimekaa natazama namba. Sitini. Sitini na nane. Sabini na tatu. Feni kimya, na mimi nimetulia, bado tuko mbali na tisini na mbili. Kwenye sabini na tano nilisikia harufu tamu ya kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta. Nikashuka, nikagusa mpira wa juu wa rejeta, ukaniunguza vidole, umekakamaa kama mguu wa meza. Mfuniko ulishaanza kufoka. Nilikimbilia ufunguo nikazima. Kisha nikakaa kizingitini. Nilingoja nusu saa nzima ndipo nikathubutu kuchomoa kijiti cha oili nione kama maji yameingia. Hayakuingia. Nikakifuta, nikachomoa tena.

Fundi alikuja, akakwangua kutu pale erthi inapofungwa kwenye bodi, maana hewa yetu ya chumvi haiachi chuma kikapumzika. Haikusaidia. Akagusanisha waya za feni moja kwa moja na betri, feni ikavuma.

"Feni nzima. Kisanduku ndicho kibovu. Kirudishe."

Nilikirudisha. Muuzaji hata hakukishika. "Kimeshafungwa, mzee. Na ulichukua na nyongeza."

Jumatano asubuhi nimekaa jikoni na kisanduku mezani kama maiti isiyo na ndugu. Mke wangu alikuwa anachemsha maji ya chai.

"Baba watoto, hicho kinasema kweli au kinasema uongo?"

"Nitajuaje?"

"Haya maji yanachemka. Kiulize."

Nilitazamana naye kwanza. Halafu nikaenda kuleta betri ya gari, nikaunga, nikatumbukiza kidole cha chuma kwenye sufuria. Maji yanarukaruka. Namba zikapanda taratibu, zikasimama sabini na sita.

"Kwa huyu chai haijaiva," mke wangu alisema.

Nikachomoa sensa ya nyongeza, nikachomeka ile fupi ya boksi. Tisini na tisa. Nikaitoa, nikaifuta, nikaitumbukiza tena. Tisini na tisa. Sikumwambia mke wangu sensa ile nyingine nimeipataje, lakini alikuwa amekwisha kuona sura yangu.

"Umeidai nyongeza."

"Maji hayo yamwage, usipikie chai."

"Hilo nalijua."

Fundi alifunga ile fupi. Kuurefusha waya alikataa, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Kwa hiyo kisanduku kilibaki chini ya boneti na namba zake. Tulisimamisha gari linaunguruma, boneti wazi, tukakitazama: tisini na mbili, feni vuu, themanini na saba, kimya. Mara nne. Nilitaka ya tano, fundi akafunga boneti, akaniambia niende kumchukua mama yangu.

Nilifika Maramba alasiri. Mama alikuwa tayari mlangoni, begi moja na madumu mawili ya maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Limepona?"

"Limepona."

"Haya. Maji haya tunayachukua."

Akalipakata dumu moja mapajani safari yote.

Sikuwa na namba ya kutazama. Nilikuwa na masikio tu. Kwenye kilima cha kwanza nilizima redio. Kwenye cha pili nilimwomba mama anyamaze kidogo, na alikuwa hajasema chochote. Katikati ya kilima feni ikavuma.

"Nini hicho kinalia?" mama aliuliza.

"Feni."

"Mara ya kwanza haikulia."

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo. "Basi iache ilie."

Karibu na Mabokweni kijana mwenye bendera alitusimamisha, greda linasawazisha barabara. Tulisimama muda mrefu, jua la jioni linaingia dirishani, injini inaunguruma kwa sababu niliogopa kuizima isije ikagoma. Feni ikawaka, ikazima. Nikaanza kuhesabu sekunde kati ya kuwaka na kuzima, halafu kati ya kuzima na kuwaka. Nilifika ya saba nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

"Unasali?" mama aliuliza.

"Nahesabu."

"Baba yako naye alikuwa hivyo. Hakulala vizuri maisha yake yote."

Asubuhi ya Alhamisi tulikuwa kwenye benchi la hospitali kabla mlango haujafunguliwa. Mama, mke wangu, mimi, na wazee wengine wenye kanga na vitambaa machoni. Nakumbuka niliuliza mama ni wa ngapi, wakasema wa nne. Baada ya hapo sikumbuki kitu, mpaka mtu akanigusa bega. Alikuwa muuguzi.

"Baba, na wewe ni wa macho?"

"Hapana," nilimwambia. "Mimi ni wa gari."

Akanitazama kama anayetafuta nipelekwe chumba gani. "Mama yako ameshaingia zamani. Kama ni kulala, kalale huko nje. Hapa wanakaa wagonjwa."