Ng'ombe Aliyetoka Jasho

Juzi nilipita kwenye shule ya awali hapa Bulyaga, nikamwona mwalimu akikanda unga wa ngano na chumvi nyingi ili watoto wafinyange vitu. Nikakumbuka mchana mmoja wa mvua kule Lufingo, dada yangu aliponikandia unga kama huo, ukinukia mafuta ya kupikia na moshi wa jikoni.

Nilifinyanga ng'ombe, nikamweka dirishani akauke. Baadaye nilimkuta amelowa mwili mzima. Niliamini ana homa, nikamfunika kwa jani la mgomba.

Bibi akaniuliza, "Huyu umemfunika ana nini?"

"Anatoka jasho, bibi."

Dada akacheka. "Unga nao unaugua?"

"Wewe nyamaza," bibi akamwambia.

Miguu ya ng'ombe ikalegea polepole, akaanguka kifudifudi. Nilitaka kulia. Bibi akainama, akamtazama kwa makini kama alivyowatazama wale wa zizini.

"Amelala vizuri," akasema. "Ng'ombe akilala hivi, homa imemtoka."

Sasa najua chumvi huvuta unyevu, na hewa ya kwetu haikauki. Siku ile nilitoka mbio kwenye mvua, nikaenda kumkatia majani.