Chumba cha Kahawa

Mwezi wa nne, Mbinga, kila chumba kinaonekana kitupu. Ukungu unashuka mpaka kwenye mabati, kahawa bado mbichi shambani, na wewe unakaa barazani unaona kama nyumba inaelea. Hapo ndipo nilipopangisha chumba cha mbele.

Mama alikuwa kahamia Lipingo, kumuuguza bibi kule ziwani, akaniachia nyumba. Sikusoma mahali kazi ya mwenye nyumba. Nilipiga chokaa, nikabadilisha kitasa, basi. Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa nesi, dada wa Musoma, kahamishiwa hospitali ya hapa. Alisimama katikati ya kile chumba akavuta pumzi.

"Kunanukia nini humu?"

"Mbao," nikasema. Ni chumba pekee chenye sakafu ya mbao. Marehemu baba aliigongelea mwenyewe.

"Una ufunguo mwingine?"

"Ninao."

"Utaingia nikiwa kazini?"

"Siingii." Nikamwambia hivyo nikimtazama usoni, na mimi neno langu sichezei.

Sasa, sakafu ile baba hakumgongelea mtu. Aliigongelea kahawa ya dada yake, isivute unyevu wa saruji. Kila msimu shangazi anashuka nayo kutoka mlimani, ikiwa imeshakauka, inalala pale mpaka ikauzwe. Mimi nimekua na harufu ile. Labda ndo maana niliisahau.

Msimu ukafika. Mchana mmoja wa manyunyu, Fuso ikasimama nje, shangazi juu ya magunia kama amepanda wingu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Fungua."

Nikamweleza. Akanitazama kama namsimulia ndoto.

"Umempangisha mtu chumba cha kahawa?"

"Kilikuwa kitupu, shangazi."

"Hata tumbo huwa tupu, unalipangisha?"

Dereva akapiga honi. Nikamwambia akipiga tena, hiyo honi ataondoka nayo mkononi. Akacheka, akavuta turubai, lakini turubai lenyewe lilikuwa na matundu.

"Ufunguo unao mfukoni," shangazi akasema taratibu. "Nauona. Nyumba ya kaka yangu, mvua inanyeshea jasho langu, na wewe umesimama."

Hapo nilikuwa nachemka, sijui kwa hasira ya nani. Kwa shangazi yangu ningepigana na kijiji kizima. Nikampigia mama. Nyuma ya sauti yake ziwa lilikuwa linapumua, shwaa, shwaa, nikatamani nilale humo.

"Huyo dada ulimwambia huingii?"

"Nilimwambia."

"Mwenye nyumba ni wewe sasa," akasema, simu ikakata.

Nikaingia chumbani kwangu. Nikang'oa kitanda, mbao moja moja, nikazipanga juu ya saruji. Ubao wa kichwani nao nikaulaza. Tukashusha magunia, mimi na dereva, shangazi kasimama pembeni anayahesabu.

"Wewe utalala wapi?" shangazi akauliza.

"Sebuleni."

"Kwa mbavu hizo." Lakini akanipangusa maji usoni kwa khanga yake.

Jioni nesi akarudi, akakuta nyumba nzima inanukia. Akamwamkia shangazi, akasimama, akavuta pumzi kama siku ile ya kwanza.

"Kumbe ni hii," akasema. "Mimi tangu nihamie naota watu wananichotea maji, wanaosha kitu, sikioni."

"Ni kahawa, mwanangu, tunaiosha kabla ya kuianika. Unalala mahali pake."

Nikajua sasa atahama. Akatoa ufunguo wake, akafungua mlango. "Karibu uione sakafu, shangazi."

Shangazi akavua ndala. Akatembea polepole kama anayetafuta mtu gizani, akafika karibu na dirisha, akakanyaga ubao mmoja. Ukalia.

"Hapa misumari ilimwishia kaka," akasema, akakanyaga tena, na tena.

Mimi nikabaki kizingitini. Nilikuwa sijakaribishwa.