Tawi la Mpapindi

Leo mlangoni mwa kanisa nimepewa tawi bichi, na harufu yake imenirudisha Ushirombo, uani kwa mwalimu wetu Mpemba.

Kwenye debe la mafuta alipanda mpapindi mchanga, mti wa jamii ya mnazi, alioletewa kutoka kwao. Jumapili ya Matawi wenzangu walikuwa na ukindu mwembamba wa mtoni. Mimi niliingia uani kwake, nikakata jani la katikati, lililosimama kama mshale, mpaka chini.

“Wewe umeleta mti mzima!” walinicheka kwa wivu.

Baada ya misa nilimpelekea mwalimu lile jani.

“Shikamoo, mwalimu. Padri amelibariki.”

“Marahaba.” Aliligeuzageuza. “Mti huu huota Pemba tu, mwanangu, na huko nako umebaki kidogo. Hili lilikuwa moyo wake.”

“Utachipua?”

Alinipa kata ya maji. “Mwagilia.”

Nilimwagilia kila asubuhi hadi shule ikafungwa. Kisiki cha lile jani kilianza kuoza wiki ya pili. Nilikiona, naye alikiona. Sijui kama alinihurumia au aliniadhibu. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi nilikuta ameshaniwekea maji mlangoni.