Jina Kwenye Jalada la Nabintu

Watu wa Bunia walimpenda Nabintu, mwanamke shoferi wa lori katika vijitabu vya Athanase, mwandishi wa Kisangani. Kisha vijitabu vilikoma, Nabintu akabaki amekwama kwenye tope la barabara ya Mambasa. Honorine, mpiga mashine ya kuandikia katika ofisi ya wanunuzi wa kahawa, hakuvumilia. Kazi ilipokwisha alimtoa topeni kwa maneno yake mwenyewe, akayachapa kwa roneo, mashine ya kunakili ya ofisi, akauza vijitabu sokoni. Kwenye jalada aliandika jina la Athanase. Nabintu alikuwa mtoto wa Athanase. Kuandika jina jingine kungekuwa utovu wa adabu.

Asubuhi moja ya mwaka 1987 shemeji yake Placide, karani wa mahakama, alimwita nje ya ofisi. Athanase amefika Bunia, alisema, kijitabu mkononi, anataka kushtaki. Sheria ya haki za watunzi ilikuwa changa, ya mwaka uliopita tu, lakini ilikuwa na meno: faini, kunyang'anywa vitabu, hata gereza.

“Lakini nilimupa heshima,” Honorine alisema. “Jina yangu haiko hata fasi moja.”

“Njo ile iko mubaya, shemeji. Ungetia jina yako, ungeiba mutoto tu. Sasa umeiba na kinywa ya baba, unamusemesha maneno hakusema.”

Honorine aliingia ofisini. Alichukua vijitabu vilivyobaki, akaomba apelekwe kwa Athanase mwenyewe kabla mashtaka hayajaandikwa.

Athanase aliketi kwenye benchi la mahakama, shati likimpwaya mabegani. Hakufoka. Alimfungulia ukurasa ambapo Nabintu anamwita askari wa kizuizi cha barabarani mwizi mwenye kofia. Kwa neno hilo, alieleza, askari walimfuata nyumbani, akalala mahabusu juu ya saruji. Aliapa kwamba hakuliandika. Walimwonyesha jalada.

“Mama, miye niliogopa neno hii miaka yote,” alisema. “Njo maana nilimuacha mu potopoto.”

Placide alikuwa ameshaishika kalamu aandike mashtaka. Athanase alimzuia: hakutaka faini, alitaka jina lake litoke. Placide akashusha sauti, akamwonya Honorine kwamba akiandika lake, wale askari watakuja kwake.

Alijua. Alifuta jina la Athanase kijitabu baada ya kijitabu, akaandika Honorine, herufi zikiyumba kama zimeandikwa ndani ya lori.

Walipotoka, gari la askari lilipunguza mwendo mbele ya mahakama. Athanase alisogea nyuma. Honorine alibaki mbele.